Sura ya Sita: Jeti Zinazochoka Njiani

Mwaka 1982 James Bjorken, mwanafizikia wa maabara ya Fermilab karibu na Chicago, aliandika makala fupi ambayo haikuwahi kutoka katika jarida lolote la kisayansi. Swali lake lilikuwa moja: kwaki, mojawapo ya chembe ndogo zinazounda protoni, yenye nishati kubwa ikilazimika kuvuka maada yenye joto kali kupita kiasi, itatokea upande wa pili ikiwa na nini? Alijibu kwamba itatokea imepungua, na huenda isitokee kabisa. Kisha akaeleza namna ya kulithibitisha jambo hilo. Tafuteni, alisema, mgongano uliotokea ukingoni mwa maada hiyo, ambapo kwaki mbili zimefyatuka kila moja kwa upande wake. Iliyo karibu na nje itaponyoka salama. Mwenzake atakayelazimika kuivuka maada yote atamezwa.

Ilipita miaka 28. Novemba 2010 mashine ya LHC ya CERN, iliyo ndani ya handaki lenye mzunguko wa kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, iligonganisha viini vya risasi kwa mara ya kwanza. Wiki chache tu baadaye kundi la watafiti wa ATLAS, mojawapo ya vigunduzi vya mashine hiyo, likaonyesha picha ambayo mtu aliyesoma makala ya Bjorken angeitambua mara moja. Upande mmoja wa kigunduzi ulisimama mnara mrefu wa nishati. Upande wa pili, mahali ambapo mnara pacha ulipaswa kuwa, palikuwa na vijilima vidogo vidogo vilivyotawanyika. Bjorken, aliyefariki 2024, aliishi kuyaona hayo.

Kiswahili chetu kina neno moja, risasi, kwa madini yale mazito na kwa kile kinachotoka kwenye bunduki. Huko CERN maana zote mbili zinakutana, maana ni madini ya risasi yanayofyatuliwa kama risasi, kwa kasi inayokaribia kabisa ile ya mwanga.

Sura hii inahusu namna ya kuusoma ule upungufu wa upande wa pili. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: ile picha ya mnara uliokosekana, ikiachwa peke yake, haisemi mengi. Programu za kompyuta zinazoiga safari ya jeti hatua kwa hatua ndizo zinazoifanya izungumze, na kazi ya watu wanaoziandika haijapewa heshima inayostahili. Tunawataja waliojenga mashine na waliotabiri kwa kalamu, nao waliokaa kati ya pande hizo mbili tunawapita kimya.

Tuanze na jeti yenyewe. Neno ni lile lile la ndege ya jeti, na maana haiko mbali: kitu kinachofyatuka kwa nguvu kuelekea upande mmoja. Kwaki haitembei peke yake; hakuna mwanasayansi aliyewahi kuinasa kwaki moja ikiwa imejitenga na wenzake. Ukijaribu kuivuta itoke ndani ya protoni, kani inayoishika hailegei kadiri unavyovuta, tofauti na sumaku mbili zinazotenganishwa. Inakaza vile vile, kama mpira wa manati, hadi nishati uliyotumia kuvuta inatosha kuumba kwaki mpya. Hapo mpira unakatika, na kila kipande kinabaki na kwaki zake nchani. Basi kwaki iliyopigwa kwa nguvu haifiki kwenye kigunduzi kama kwaki. Njiani inamwaga gluoni, chembe zinazobeba kani hiyo, gluoni nazo zinagawanyika, na mwisho wa yote kinachofika ni msafara wa chembe za kawaida zinazoelekea upande mmoja kama maji ya bomba lililobanwa kwa kidole. Msafara huo ndio jeti. Dalili za kwanza za jeti za kwaki zilionekana SLAC, California, mwaka 1975, na zile za gluoni zikaonekana DESY, Hamburg, mwaka 1979.

Sasa tuweke jeti hiyo mahali pabaya. Viini viwili vya dhahabu, kila kimoja kikiwa na protoni 79 na nyutroni 118, vikigongana uso kwa uso, mipaka ya protoni na nyutroni inavunjika. Kwaki na gluoni zinabaki zikielea katika tone moja la pamoja, ambalo wanafizikia huliita plazma ya kwaki na gluoni. Mashine ya RHIC, katika maabara ya Brookhaven kwenye kisiwa cha Long Island, New York, ilianza kuyatengeneza matone hayo mwaka 2000. Joto lililopimwa humo lilifika nyuzi trilioni 4 hivi za Selsiasi, zaidi ya mara 250,000 ya joto la katikati ya Jua. Tena, kinyume na walivyotarajia wengi, maada hiyo haikuwa kama gesi inayotawanyika. Ilitiririka kama kimiminika chenye mnato mdogo mno.

Tone hilo ni dogo kuliko atomu kwa maelfu ya mara, na uhai wake hauzidi sana sekunde moja iliyogawanywa kwa 3 ikifuatwa na sifuri 22. Huwezi kutumbukiza kipimajoto humo, wala huwezi kulirushia chembe kutoka nje kwa wakati. Chembe pekee inayoweza kulipima ni ile iliyozaliwa ndani ya mgongano ule ule. Fikiria daktari anayetaka kumpiga mgonjwa picha ya eksirei, na taa aliyonayo imewaka yenyewe ndani ya kifua cha mgonjwa, mahali asipopajua, kwa ukali asioujua. Hiyo ndiyo kazi waliyonayo watu wa jeti.

Matokeo ya kwanza ya RHIC yalikuwa makali. Katika migongano ya uso kwa uso, chembe zenye nishati kubwa, zile zinazotokana na jeti, zilikuwa karibu moja ya tano tu ya idadi iliyotarajiwa. Wenye mashaka wakauliza: mnajuaje kwamba joto ndilo lililozimeza? Huenda viini vya dhahabu vyenyewe, kabla hata ya kugongana, vina upungufu wa kwaki na gluoni zinazofaa kuzaa jeti. Lilikuwa swali la haki. Mwaka 2003 RHIC ikagonganisha dhahabu na deuteroni, kiini chepesi chenye protoni moja na nyutroni moja, ili dhahabu iwepo lakini tone kubwa la moto lisiwepo. Upungufu ule haukuonekana. Shaka likaisha: jeti zilikuwa zinapotelea ndani ya joto.

Zinapoteaje? Hapa ndipo nataka msomaji ashike kitu mkononi. Chukua dadu moja na punje 60 za maharage, ukae mkekani. Rundo la maharage ni nishati ya kwaki yako, na maada yenye joto ni hatua 6 za kuvuka. Kila hatua rusha dadu. Ikitoka 1, 2 au 3, usitoe kitu: kwaki imepita bila kuguswa. Ikitoka 4 au 5, toa punje 3: imegongana na chembe ya maada, ikapoteza kidogo. Ikitoka 6, toa punje 10: imetema gluoni. Hatua 6 zikiisha, hesabu kilichobaki. Kisha rudia, na rudia tena.

Ukicheza mara nyingi utaona kwamba kwa wastani unapoteza punje 16. Wastani huo, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya habari. Kuna raundi utakayobaki na punje zote 60, na kuna raundi utakayobaki na 24. Kwaki mbili zilizoanza sawa, katika maada ile ile, kwa umbali ule ule, zinamaliza tofauti. Hakuna kanuni moja ya kalamu itakayokupa picha nzima ya mtawanyiko huo mara sheria za mchezo zinapokuwa nyingi. Njia ya uhakika ni kucheza na kuhesabu.

Stanislaw Ulam aliliona hilo mwaka 1946 alipokuwa anapona ugonjwa mkali wa ubongo. Akiwa anajipitishia muda kwa karata za kuchezwa na mtu mmoja, alijaribu kupiga hesabu ya uwezekano wa kushinda, akashindwa na wingi wa njia zilizopo. Akawaza: kwa nini nisipange karata mara 100 nikahesabu tu nilizoshinda? Alimweleza John von Neumann, na huko Los Alamos wazo hilo likapelekwa kwenye kompyuta za mwanzo. Mwenzao Nicholas Metropolis ndiye aliyelipa jina la Monte Carlo, mji wa makasino. Leo kompyuta hurusha dadu mabilioni ya mara bila kuchoka, lakini mchezo ni ule wa mkekani.

Rudi kwenye maharage, maana yana somo jingine, na kwangu hili ndilo zito zaidi. Cheza sasa kwaki iliyozaliwa karibu na ukingo, yenye hatua 2 tu za kuvuka badala ya 6. Uwezekano wa kutoka na punje zote 60 ni mara 1 kati ya 4. Kwa ile ya hatua 6, ni mara 1 kati ya 64. Cheza marundo 64 ya kila aina, na kwa kawaida utapata marundo kamili 17 hivi: 16 yametoka ukingoni, 1 limetoka ndani. Sasa jiweke katika nafasi ya mtafiti ambaye kigunduzi chake kinaona jeti zenye nishati kubwa peke yake. Karibu zote anazoziona ni zile ambazo hazikupita popote penye moto. Anauliza walionusurika habari za vita, na walionusurika ni wale ambao vita havikuwafikia.

Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba data peke yake haitoshi. Jeti iliyoonekana haina hati ya kuzaliwa; haisemi ilianzia wapi wala ilikuwa na kiasi gani. Ndani ya programu, kila jeti ina historia kamili. Unaweza kuirudisha nyuma hadi dakika ya kuzaliwa kwake na kuuliza ilivuka nini.

Programu zenyewe zina safu nyingi kuliko mchezo wetu. Kwanza viini viwili vinapangwa: kila mara protoni na nyutroni hutawanywa upya kwa bahati nasibu ndani ya kiini, kwa sababu hakuna viini viwili vilivyo na mpangilio mmoja wakati wa kugongana. Kisha hesabu za mwendo wa vimiminika hutoa joto na mtiririko wa kila kichumba kidogo cha nafasi, kwa kila kipande cha muda, kadiri tone linavyotanuka na kupoa. Ndipo kwaki inapozaliwa. Kuzaliwa huko mara nyingi hukabidhiwa PYTHIA, programu iliyokulia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mikononi mwa Torbjörn Sjöstrand na wenzake. Ina jina la kuhani wa kike wa Delfi aliyekuwa akiwatabiria Wagiriki wa kale. Jina linafaa, ingawa ramli hii ina sharti ambalo waganguzi hawakuwa nalo: inapokosea, kosa linaonekana kwenye grafu mbele ya wote. Kisha, ndani ya tone, kwaki inachukua hatua moja, programu inasoma joto la kichumba ilichoingia, inarusha dadu, inaamua kama kumetokea mgongano, inachukua hatua nyingine. Gluoni iliyotemwa nayo inafuatiliwa vivyo hivyo. Mwishowe kila kilichobaki kinafungashwa kuwa chembe za kawaida.

Mchezo wa maharage una kasoro moja kubwa, na ni lazima niitaje. Tulichukulia kwamba kila hatua haina habari na iliyopita. Gluoni haizaliwi papo kwa papo. Inahitaji muda kujitenga na kwaki mama, na ndani ya muda huo kwaki inaweza kugongwa mara tatu au nne. Kwa kanuni za kwantamu, migongano yote hiyo inahesabika kama mmoja. Lev Landau na Isaak Pomeranchuk waliona jambo la namna hii kwa elektroni mwaka 1953, Arkady Migdal akalikamilisha 1956, na vipimo vya SLAC vya miaka ya 1990 vikawathibitisha. Wanadharia walipolihamishia kwa kwaki na gluoni katika miaka hiyo ya 1990, walipata matokeo ya kushangaza: katika tone dogo kama hilo, ukiongeza umbali mara mbili, nishati inayopotea kwa kutema gluoni inaongezeka mara nne.

Dadu haijui habari hizo. Dadu haina kumbukumbu, nayo kwantamu inadai kumbukumbu. Kila kundi limetafuta njia yake ya kupatanisha mambo hayo. JEWEL, programu ya Korinna Zapp na wenzake, inaangalia ni migongano mingapi iliyotokea kabla gluoni haijajitenga, kisha inarusha dadu nyingine kuamua kama gluoni hiyo ikubaliwe au ikataliwe. Kadiri migongano ilivyo mingi, ndivyo uwezekano wa kukataliwa unavyokua. Napenda suluhisho hilo kwa sababu unaweza kumweleza mtu asiye mwanafizikia akalielewa, na bado linabeba fizikia ya kweli.

Liko pia suala la nishati iliyopotea, maana nishati haipotei kabisa, inakwenda mahali. Mwaka 2011 kundi la CMS, kigunduzi kingine cha LHC, lilionyesha kwamba ilikuwa imetapakaa mbali na njia ya jeti, ikibebwa na chembe nyingi zenye nishati ndogo. Jeti inapopita, inaisukuma maada na kuacha mawimbi nyuma yake, kama mashua inavyoacha mawimbi kwenye maji yaliyotulia. Kwa mwandishi wa programu, jambo hili linaleta kazi ya uhasibu. Kwaki inapogonga chembe ya maada na kuiburuta, chembe hiyo ilikuwa tayari mali ya tone. Ukiihesabu ndani ya jeti bila kuandika kwamba imetoka kwingine, umeumba nishati kutoka hewani. Kwa hiyo programu huandika deni: mahali chembe ilipotoka huwekwa shimo, na mwisho wa hesabu mashimo yote hutolewa. Anayesahau mashimo hupata jeti nono kuliko zilizopo duniani.

Nguvu ya maada ya kuisukuma kwaki pembeni huandikwa kwa herufi q yenye kofia juu yake. Mwaka 2014 ushirikiano wa watafiti ulioitwa JET ulilinganisha mifumo mitano ya hesabu na data za RHIC na LHC. Kwa kwaki ya elektrovolti bilioni 10, katika uniti wanazotumia wao, q-kofia ilitoka takriban 1.2 kwenye joto la RHIC na 1.9 kwenye joto kubwa zaidi la LHC. Mwaka 2016 ukaanzishwa ushirikiano wa JETSCAPE, ambao unaendesha programu kama mbio za kupokezana vijiti: moja inaikimbiza kwaki ingali kali, kisha inamkabidhi mwenzake inapokuwa imetulia. Waandishi wake wanatumia pia hesabu za Thomas Bayes, yule mchungaji wa Kiingereza wa karne ya 18, kuuliza ni thamani zipi za q-kofia zinazokubaliana na data zote kwa pamoja, na kwa uhakika gani.

Na hapa pana tatizo linaloninyima usingizi. Kuna programu nyingine, ya kundi la Casalderrey-Solana, Rajagopal na wenzao, ambayo haina q-kofia ya namna hiyo moyoni mwake. Inaichukulia maada kuwa imeshikamana mno, na inaifanya kwaki ikokote miguu humo kama mtu anayevuka tope, kwa kanuni zilizoazimwa kutoka nadharia ya nyuzi. Imani yake kuhusu maada ni tofauti kabisa, lakini inalingana na vipimo vingi ambavyo wale wengine pia wanalingana navyo. Maana yake ni kwamba kulingana na data si ushahidi wa kutosha. Programu yenye skrubu chache za kukaza inaweza kukazwa hadi ifanane na grafu yoyote.

Mimi naipima programu kwa kitu ambacho haikuwahi kukazwa kwacho. Fotoni ni mfano mzuri. Mara moja moja kwaki huzaliwa pamoja na fotoni badala ya kwaki mwenzake, na fotoni huvuka maada bila kuguswa kwa sababu haina habari na kani inayozishika kwaki. Ukiipima, unajua mwenzake alianza na kiasi gani. Ile hati ya kuzaliwa iliyokosekana inapatikana, na ule upendeleo kwa walionusurika unapungua sana. Programu iliyokazwa kwa jeti za kawaida, ikashindwa kwenye jeti za fotoni, ilikuwa inafanana na data kwa bahati tu.

Jaribio jingine ni ukubwa wa tone. Baadhi ya wanadharia walitumia yale waliyojifunza kwenye dhahabu na risasi kukadiria nini kitatokea kwa viini vidogo zaidi, wakachapisha makadirio yao miaka kadhaa kabla ya kuwapo kipimo chochote cha kuwatetea au kuwaumbua. Julai 2025 LHC ikagonganisha viini vya oksijeni kwa mara ya kwanza. Kiini cha oksijeni kina protoni na nyutroni 16 kwa jumla. Cha risasi kina 208. Kabla ya mwaka huo kwisha, CMS wakatoa vipimo vyao. Hata katika tone dogo kiasi hicho, chembe zenye nishati kubwa zilikuwa zimepungua.